Kuku Wetu Wananyonyoka: Tuone, Tuamue, Tutende

Somo letu la mara hii linahusu kuku, na hasa jambo moja linalosumbua vikundi vingi vya Garsen na vijiji vya kandokando ya Mto Tana: kuku walio wazima leo, kesho hawana manyoya. Mgongo uko wazi, mkia umekwisha, ngozi nyekundu kama ya kuku aliyetoka kwenye maji moto.

Tunajua kuku si kitu kidogo. Kwa mama wa kijijini kuku ndiye benki. Daftari la mtoto, nauli ya kwenda hospitali, mchango wa chama, vyote hutoka kwa kuku. Sasa kuku akinyonyoka, mnunuzi pale Minjila anamtazama mara moja na kusema, "Huyu mgonjwa," halafu anataja bei ya kukutania. Na hasara haiishii hapo. Unyoya umejengwa kwa protini karibu wote. Kuku anayeotesha manyoya mapya anatumia chakula kilekile ambacho kingetengeneza mayai. Kwa hiyo manyoya yakienda, mayai nayo yanapungua.

Mtu mmoja asome somo hili kwa sauti kikundini, pole pole, na mahali palipo na swali msimame mzungumze kwanza.

KISA CHA KUJADILI

Tuchukue kikundi cha mfano. Akina mama kumi na wawili wana kuku arobaini katika banda moja. Mafuriko yalipopita walihamisha banda upande wa juu, wakalijenga kwa mbao na mabati waliyookoa. Upana wake ni mita mbili, urefu mita mbili na nusu. Kuku wanafungiwa mchana kutwa kwa sababu jirani amepanda kunde, na kuku hawajui mpaka.

Mwezi wa kwanza mambo ni mazuri. Halafu asubuhi moja mama wa zamu anafungua mlango, anakuta kuku watano hawana manyoya mgongoni, na mmoja anatoka damu karibu na mkia. Baada ya wiki moja wamefika kumi na tano.

Kikundi kinakutana. Mmoja anasema ugonjwa umeletwa na wale kuku watatu wa mwanachama mpya. Mwingine anasema hilo ni jicho la mtu. Wa tatu anasema bwanake ana dawa ya kupulizia nyanya, ipulizwe kesho asubuhi. Wa nne anasema tuuze wote kwa bei yoyote kabla hawajafa. Mwanachama mpya amenyamaza kimya, lakini moyoni ameamua kudai hisa zake na kuondoka.

Simameni hapa. Kila mtu aseme: Je, kuna yeyote kati ya hawa ambaye amemshika kuku mkononi na kumtazama?

ONA: MAHALI PALIPO WAZI PANASEMA

Kunyonyoka si ugonjwa wa aina moja. Ni dalili, na sababu zake ni nyingi. Lakini kuku mwenyewe anatuonyesha, tukijua pa kutazama. Mshike kuku, mgeuze, funua manyoya kwa vidole, uangalie hivi:

1. Kisogo na mgongo pamekwaruzika, lakini mkia uko sawa. Huyo ni jogoo. Anapompanda tetea anamshika kwa mdomo na kumkanyaga kwa kucha. Mkiwa na majogoo wengi, tetea wachache wanapata taabu. Jogoo mmoja anatosha tetea wanane hadi kumi.

2. Mgongo, shina la mkia na chini ya mkia pako wazi, na manyoya yaliyobaki yamekatika. Hapo kuku wanadonoana wao kwa wao. Simama mbali kidogo bila kelele kwa nusu saa, utawaona. Mara nyingi wanaodonoa ni wachache, nao manyoya yao ni mazuri kabisa. Kwa hiyo yule anayependeza kuliko wote ndiye wa kushuku kwanza!

3. Kifua na tumbo pako wazi, na kuku amelalia mayai. Msiguse. Tetea anayeatamia hujinyonyoa mwenyewe ili joto la ngozi liyafikie mayai. Hiyo ni kazi ya mama.

4. Manyoya yanaanguka kichwani na shingoni, halafu kifuani, halafu mabawani na mkiani, na ukitazama ngozi unaona vimanyoya vipya kama sindano. Huyo anabadilisha manyoya. Kuku mzima hufanya hivyo karibu mara moja kwa mwaka, na inaweza kuchukua miezi miwili hadi mitatu. Kwa wakati huo huacha kutaga. Si mgonjwa; anahitaji chakula kizuri tu.

5. Kuku anajikuna na kujinyonyoa mwenyewe, halali vizuri, upanga wa kichwani umepauka. Hao ni wadudu. Tutawaeleza hapa chini.

6. Shingo iko wazi tangu utotoni. Huyo ni kishingo, ndivyo alivyozaliwa. Na joto letu hili linamfaa kweli. Msimpake dawa.

Kunyonyoka peke yake si dalili ya kideri. Kideri huja na kuku kuzubaa, kuhara kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda, na vifo vingi kwa siku chache. Mkiona hayo, msingoje mkutano, mwiteni afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

WADUDU: WANAOKAA MWILINI NA WANAOKAA NYUMBANI

Watu wengi humpaka kuku dawa, akapona siku tatu, halafu yale yale. Kwa nini? Kwa sababu wadudu hawa wako makundi mawili.

Kundi la kwanza wanaishi juu ya kuku usiku na mchana. Chawa ni hao. Funua manyoya chini ya mkia na chini ya mabawa. Utawaona wakikimbia, rangi ya majani makavu, na mayai yao meupe yameshikamana kwenye shina la unyoya kama kaukau. Viroboto nao hujipanga kuzunguka macho na upanga, wakang'ang'ania hapo hapo kama vidoti vyeusi.

Kundi la pili ni wezi wa usiku. Utitiri mwekundu na kupe laini wa kuku hujificha mchana kwenye nyufa za mbao, chini ya vijiti vya kulalia, ndani ya makuti. Usiku hutoka, hunyonya damu, na alfajiri hurudi. Ukimtazama kuku saa sita mchana hutaona kitu, utasema ni mzima. Nenda saa tatu usiku na tochi. Pitisha kitambaa cheupe chini ya kijiti cha kulalia. Kikitoka na madoa mekundu ya damu, mwizi umemshika. Utitiri huu huweza kukaa miezi mingi bila kula, kwa hiyo kuliacha banda tupu wiki mbili au tatu hakuumalizi. Na mtu anayetoka bandani akijikuna mikono, ajue utitiri umemjaribu yeye pia.

Kwa hiyo kumbukeni: chawa hutibiwa kwenye kuku, utitiri hutibiwa kwenye nyumba. Ukikosea hapo, pesa ya dawa imekwenda bure.

AMUA: KWA NINI WANADONOANA?

Turudi kwa wale kuku arobaini. Manyoya yamekwisha mgongoni na shina la mkia, kuna damu, na kuku wachache wana manyoya mazuri. Hawa wanadonoana. Sasa tuulize: kwa nini kuku amdonoe mwenzake?

Kuku aliye huru hutumia sehemu kubwa ya mchana akichakura na kudonoa. Mdomo wake hautulii, ndivyo alivyoumbwa. Ukimfungia mahali pasipo na kitu cha kuchakura, mdomo ule utatafuta kazi, na kitu kilicho karibu ni manyoya ya mwenzake. Hata kasuku na wale ndege weupe wenye kishungi wa Australia na Indonesia, wakifungwa peke yao kwenye tundu bila la kufanya, hujinyonyoa wenyewe. Na kuku huigana. Mmoja akianza, wengine hujifunza. Damu ikionekana, wote huikimbilia ile rangi nyekundu.

Sasa tupime sababu moja moja:

Nafasi. Kuku wanaoshinda ndani wasizidi watano kwa kila mita moja ya mraba. Banda la kisa chetu ni mita 2 mara mita 2 na nusu, yaani mita 5 za mraba. Mara kuku 5, tunapata kuku 25. Wao wamo 40. Wamezidi 15! Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, watu wengi walibanana mahali palipoinuka, na kuku nao walibanana pamoja na wenyewe. Tujiulize kama mabanda ya dharura tuliyojenga wakati ule bado tunayatumia.

Chakula. Mahindi matupu hushibisha lakini hayajengi manyoya. Yana wanga mwingi na protini kidogo. Kuku aliyepungukiwa na protini au chumvi huanza kula manyoya.

Maji na joto. Garsen si mahali pa kufanyia mzaha na maji. Bati likiwaka juu na chombo cha maji kikikauka saa sita, kuku hukasirika na kugombana. Wakati wa joto kali mtetea mmoja huweza kumaliza karibu nusu lita kwa siku. Kuku 40 kwa lita 20, hilo ni debe zima.

Mwanga. Jua kali linapoingia moja kwa moja katika banda dogo, kila kidonda na kila unyoya mpya huonekana wazi, na kudonoana huzidi.

Wageni. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku wana wakubwa na wadogo wao. Ukiingiza wapya ghafla, vita huanza upya. Kwa hiyo wale watatu wa mwanachama mpya huenda walichangia ugomvi, lakini hawakuleta uchawi wala tauni. Na aliyewaingiza siku ile ile bila kuwatenga ni kikundi kizima.

TENDA: KAZI YA KUFANYWA

Leo leo:

- Mwondoe kuku anayetoka damu. Mwoshe kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mpake mafuta ya mgando yaliyochanganywa na masizi ili wekundu usionekane, umweke peke yake mpaka apone.
- Waondoe pia wale wawili watatu wanaodonoa. Watengwe wiki mbili. Wakirudi na tabia ile ile, hao ndio wa kuuza, au wa sufuria.
- Ongeza chombo cha pili cha maji, mahali pa kivuli.
- Ning'iniza kitita cha mchicha, matembele au majani ya mlonge kimo cha kichwa cha kuku, arukie kidogo. Tandaza majani makavu au pumba za mchele chini na umwage punje chache humo. Mdomo umepata kazi.

Wiki hii:

- Punguza idadi. Ongeza ua wa matete au miiba nje ya banda ili washinde nje kivulini, au gawaneni kuku majumbani mpaka banda lipanuliwe. Kuuza 15 waliokwisha nyonyoka ni njia ya mwisho, kwa sababu bei yake ni ya hasara.
- Tundika makuti au gunia upande unaopiga jua. Lakini hewa ipite.
- Weka kitagio kimoja kwa kila tetea watano, mahali penye giza kidogo. Kuku akitagia wazi, wenzake humdonoa chini ya mkia.
- Chakula: changanya mahindi au mtama na pumba, pamoja na dagaa waliosagwa. Walio karibu na ziwa Shakababo au mto wasitupe vichwa na matumbo ya samaki; wayachemshe, wayakaushe, wayasage. Mchwa nao ni protini ya bure: jaza chungu kikuukuu majani makavu na samadi yenye maji kidogo, kifudikize juu ya kichuguu jioni, asubuhi kung'uta mbele ya kuku.
- Chumvi isizidi nusu kijiko cha chai kwa kila kilo moja ya chakula, ikorogwe vizuri. Kama dagaa wana chumvi tayari, msiongeze. Chumvi nyingi huua kuku.
- Mahindi yaliyolowa yakaota kuvu msiwape kuku. Yanaharibu maini yao.

Kama mmeona wadudu:

- Toeni kila kitu bandani. Fagieni, chomeni takataka mbali na banda. Mwagieni maji yanayochemka kwenye nyufa zote na vijiti vya kulalia. Kisha zibeni nyufa kwa udongo na kupaka chokaa ukutani. Mafuta ya taa tusiyatumie kwenye banda la makuti. Cheche moja tu na kijiji kizima kinaungua.
- Rudieni kazi hiyo baada ya wiki moja. Mayai ya utitiri yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa, na katika joto letu wanakua upesi.
- Tengenezeni mahali pa kuogea mavumbi: karai kuukuu au shimo dogo lenye mchanga mkavu na majivu ya kuni, lisilonyeshewa. Kuku atajitibu mwenyewe.
- Majani ya mwarobaini yaliyokauka wekeni kwenye vitagio, na mbadilishe kila mara. Husaidia kufukuza, ila hayatoshi peke yake wadudu wakiwa wengi.
- Wakizidi, nunueni poda ya kuku katika duka la dawa za mifugo baada ya kumwuliza afisa wa mifugo. Kwa chawa, rudieni baada ya siku kumi. Ulizeni pia: mayai yasiliwe kwa siku ngapi?

ONYO KUBWA: Dawa ya kupulizia nyanya, pamba au maembe si dawa ya kuku. Hata dawa ya kuogeshea ng'ombe msiipime kwa macho mkampaka kuku. Sumu huingia kwenye ngozi, huingia kwenye yai, na yai hilo analila mtoto. Kuku wanaweza kufa jioni ile ile. Basi yule mwenye bwana wa nyanya ashukuriwe kwa nia njema, lakini dawa yake irudi shambani.

Na kukata midomo ya kuku kwa kisu cha moto? Hapana. Mdomo una mishipa na maumivu, na kuku wa kienyeji anautegemea kujitafutia chakula. Kukata mdomo hakuongezi nafasi wala maji.

KUZUIA NI KAZI YA KIKUNDI

Kuku yeyote mgeni, awe wa zawadi, wa mkopo au wa kununua, akae pembeni wiki mbili kwanza. Atazamwe chini ya mkia na mabawa, apewe chanjo ya kideri kama hakupata. Kisha aingizwe jioni, wenzake wakiwa wamelala kwenye vijiti, na waingizwe kadhaa pamoja.

Kila Jumamosi mtu wa zamu amshike kuku mmoja kati ya kila kumi na kumtazama. Aandike katika daftari: tarehe, kuku wangapi, mayai mangapi, wangapi wamenyonyoka na wapi mwilini. Daftari hili lina faida mbili. Linaonyesha tatizo mapema likiwa la kuku wawili. Tena linaleta amani, kwa kuwa jambo lililoandikwa halihitaji mtu wa kulaumiwa.

Hapo tuseme wazi. Vikundi vingi havivunjwi na hasara ya kuku. Vinavunjwa na maneno yaliyosemwa siku ya hasara. Kuku huota manyoya tena baada ya wiki kadhaa, lakini mama aliyeitwa mwenye jicho mbele ya wenzake hasahau. Kwa hiyo mwenyekiti aweke kanuni: kabla mtu yeyote hajatajwa, kuku ashikwe kwanza na kutazamwa na wote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Banda letu lina mita ngapi za mraba? Zidisheni kwa tano. Je, kuku wetu wamezidi?
2. Mchana wa jua kali, maji ya kuku huisha saa ngapi? Nani huyajaza?
3. Ni chakula gani cha protini tunachokitupa hapa kijijini?
4. Tulipopata hasara mara ya mwisho, tulitafuta sababu au tulitafuta mtu?

Kazi ya wiki hii: wanachama wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, waende bandani usiku na tochi na kitambaa cheupe. Walete kitambaa hicho mkutanoni, wote wakione, ndipo muamue la kufanya.